Usiseme kwa Nini

Mkata, Handeni
3 Februari 2025

Mjukuu wangu Munira,

Salamu zangu hizi, zipokee. Mie mzima, masikio tu ndiyo yamestaafu. Juzi ulipopiga simu ya Emiliana nikaiweka sikioni, nikasikia nyuki. Ndiyo maana nimemkalisha jirani yangu hapa, kaacha cherehani yake, kashika kalamu, mie nasema yeye anaandika. Nimemwambia asinipunguzie maneno, maana hawa Wanyamwezi unawajua. Babu yake alikuja huku kukata mkonge akasahau njia ya kurudi kwao, sasa mjukuu anataka kunisahaulisha na mie ninachosema. (Basi bibi andika mwenyewe. Emiliana.) Umeona? Mtani hana adabu.

Mwanao Ukasha hajambo. Siku za mwanzo alilia, anafungua kanga yangu anatafuta. Nikamwambia, bwana wangu, hapa umeoa kisima kikavu. Sasa katulia. Asubuhi anakunywa uji wa muhogo, mchana ugali na mlenda, jioni uji tena. Maziwa hakuna, Wamaasai wamehamisha ng'ombe kufuata maji. Kunde zetu zilikauka na maua yake. Lakini muhogo upo, muhogo haujatutupa.

Na usije kumwona. Nakwambia mapema maana najua moyo wako. Mtoto anayeachishwa ziwa akimwona mama yake anaanza upya, na wewe utaanza upya, mtihani utakwenda na maji. Mama yako, Mungu amrehemu, nilimpeleka kwa mama yangu hivi hivi, sikuonekana mpaka siku aliyoniita shangazi. Sasa na baba yake Ukasha alivyokwenda machimboni akapotelea huko, mtoto huyu ana sisi wawili tu, mmoja asome, mmoja alee.

Hebu niambie. Huo mtihani ni wa namna gani unaokushinda wewe, wewe uliyekuwa unasomea watu barua zao ukingali mdogo? Watu wananiuliza. Nasema ni Kiingereza. Wanasema, si anakijua? Nanyamaza. Mie, kunyamaza!

Bibi yako,
Mwaija


Kwamndolwa, Korogwe
8 Februari 2025

Shikamoo bibi,

Barua yako konda aliileta mpaka mkononi. Niliisoma kwa sauti, dada Josefina mwenye nyumba akacheka mpaka dagaa zake zikaungua kwenye karai.

Mtihani wenyewe ni hivi. Unaikumbuka kadi ya kliniki ya Ukasha, ile yenye mstari? Huo mstari ndiyo grafu. Wanakupa grafu, ya mvua, ya mazao, ya watu, yoyote, wanataka uieleze kwa Kiingereza. Sentensi ya kwanza ndiyo mlango. Useme grafu inaonyesha nini, ya wapi, kuanzia lini mpaka lini. Kwa maneno yako, si kunakili ya kwao. Basi. Na ni marufuku kusema kwa nini. Mwaka jana walinipa ya mvua, mstari ulikuwa unashuka, mimi nikaanza na ukame, nikaenda kwenye njaa, nikamalizia na mifugo kufa. Nikafeli. Mwalimu Mathias ananiambia, "Munira, wewe ukiona mstari unaanza kusimulia. Nani kakuuliza?"

Narudia tarehe 15 Machi, Dar es Salaam. Chuo cha nje kimenishikia nafasi ya upimaji ardhi mpaka mwisho wa Machi, kila kitu wanalipa wao. Hii ni mara ya mwisho, bibi. Nikikosa anapewa mwingine, nami narudi kuosha vyombo kwenye migahawa ya stendi. Nikipata, nikirudi, Ukasha hatakula muhogo tena.

Nakuomba jambo. Siku ya mizani, da Emiliana aniandikie mstari umekwenda wapi. Nafanya mazoezi kwa grafu za watu nisiowajua. Angalau moja iwe ya mwanangu. Simu yangu ya picha ilizama kwenye ndoo, haikupona, kwa hiyo ni barua tu.

Namtumia soksi za sufu, nyekundu.

Mjukuu wako,
Munira


Mkata
19 Februari 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Soksi zimefika. Amezivaa mpaka kwenye vumbi, hataki kuvuliwa, anatembea uani kama diwani anakagua barabara.

Mizani tulikwenda. Emiliana kasoma kadi, anasema nukta ya sasa iko chini ya ile ya nyuma. Bado yuko kwenye rangi ya kijani, ila mguu mmoja uko nje. Dada wa mizani amesema ni huko kuachishwa ziwa, watoto wote wanashuka kidogo. Haya, grafu yako hiyo.

Sasa turudi kwa hao watu wako wa mtihani. Nilimwambia Emiliana asome mara ya pili, nilidhani kakosea. Mstari umeshuka, na unakatazwa kusema kwa nini! Mie mtu akija hapa akaniambia ng'ombe wa jirani Mdoe kafa, halafu akageuka akaenda zake, namrudisha kwa fimbo. Kafaje? Kaumwa na nyoka? Kala kamba? Habari bila kwa nini ni sahani tupu unakaribishwa. Emiliana anasema labda kwa nini inakuja kwenye sentensi ya pili. Nimemwambia yeye ashone. Lakini hebu niambie, ni hivyo?

Maana mie kwa nini ya mstari huu ninayo. Mtoto anakukumbuka. Mlango ukilia anageuka. Kisha anarudi kwenye uji wake. Unaona ilivyo fupi? Wangeniuliza mie ningeshafaulu.

Mwezi wa Ramadhani unakaribia, nitakuombea.

Bibi yako,
Mwaija


Kwamndolwa
25 Februari 2025

Shikamoo bibi,

Hapana, hata kwenye sentensi ya pili haiji. Haiji kabisa. Anayesahihisha hajui kwa nini, na wewe unayeandika hujui, kwa hiyo ukisema umebuni. Ndivyo anavyotufundisha mwalimu.

Niliandika ya Ukasha. Nakuwekea kwa Kiswahili ili da Emiliana akusomee: "Grafu inaonyesha mabadiliko ya uzito wa mtoto mmoja wa kiume wilayani Handeni, katika kipindi cha kuanzia Desemba hadi Februari." Mwalimu Mathias akaisoma mbele ya wenzangu. Akasema, "Sasa umeanza kuelewa. Umeandika kama mtu asiyemjua huyo mtoto." Nilifurahi, bibi. Halafu nikaenda chooni nikalia.

Umeandika ameshuka. Nije? Siku moja tu, nimchungulie, hataniona. Dada Josefina anasema mtoto wa umri huo anataka dagaa za kusaga kwenye uji, ila dagaa zake mwezi huu hazijafika kutoka ziwani.

Niambie nije.

Munira


Mkata
7 Machi 2025

Mjukuu wangu mpenzi,

Usije! Kaa hapo hapo ulipo, usikie.

Mstari umepanda! Umepanda, Munira. Emiliana kaonyesha kwa kidole, hivi, juu, umerudi katikati ya kijani. Dada wa mizani alikuwa na foleni kubwa ya chanjo, akamning'iniza na nguo zake na soksi zake, akaandika, akasema, "Safi bibi, huyo umemtunza, anayefuata." Mbele ya watu! Nilitembea njia nzima nasalimia watu ambao sisalimiani nao.

Na wala si kwa kadi peke yake, hata kwa macho unamwona. Uso umejaa, mviringo, mashavu yamemfunika macho. Miguu imenona. Soksi ulizomtumia sasa zinambana, ukizivua zinaacha alama, shimo linabaki pale kama umetia kidole kwenye unga uliokandwa. Hata rangi imekuwa maji ya kunde, na nywele zimelainika, zimekuwa nyekundu nyekundu, nyepesi. Nimemwambia Emiliana, huyu kaanza kuwa Mzungu kabla mama yake hajapanda ndege! Na katulia, hasumbui, hakimbii ovyo. Namweka mkekani asubuhi, mchana namkuta pale pale. Emiliana anasema mtoto kapoa mno. Nimemwambia, wewe umezoea watoto wa Kinyamwezi wa kupanda juu ya paa. (Mimi nimesema tu, bibi. Emiliana.)

Nimefunga, na kila nikifungua naomba dua moja. Nenda kwenye mtihani wako moyo mweupe. Huku mambo yamepanda.

Bibi yako,
Mwaija


Kwamndolwa
11 Machi 2025

Shikamoo bibi, shikamoo tena na tena,

Nimeisoma barua yako nikiwa barabarani, nikacheka peke yangu, mwenye bodaboda akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia mwanangu amenenepa.

Niliandika hapo hapo, kwa Kiingereza, bila kufuta hata neno, na kwa Kiswahili ni hivi: "Grafu inaonyesha jinsi uzito wa mtoto mmoja ulivyobadilika kwa miezi minne; kwa ujumla, ulishuka mwanzoni kabla ya kupanda kwa kasi." Mwalimu hakutia wino mwekundu hata mahali pamoja. Ameniambia niingie na sentensi hiyo kichwani, nibadilishe tu mtoto, niweke chochote watakachoniletea.

Naondoka Ijumaa. Dada Josefina amekwenda kwao Bungu kwenye msiba, nitamkuta nikirudi nimsomee barua yako, najua atacheka.

Mbusu Ukasha kwenye hayo mashavu.

Munira


Hospitali, Korogwe
20 Machi 2025

Bibi,

Nilirudi Jumapili. Dada Josefina alikuwa anachambua dagaa, nikamsomea barua yako. Ilipofika kwenye mashavu alitabasamu. Ilipofika kwenye soksi akaacha kuchambua. Akaniuliza, "Alama ya soksi inabaki? Ukibonyeza shimo linabaki?" Nikamwambia ndivyo bibi alivyoandika. Alichukua kanga yake akanifungashia nguo zangu. Nilipiga simu ya da Emiliana, haikupatikana. Ndiyo maana Jumatatu asubuhi uliniona mlangoni bila taarifa, nikamchukua mtoto mgongoni mwako bila kukaa.

Ule si unene. Ni maji. Wanauita unyafuzi. Ngozi ya miguuni imeanza kuchubuka. Hakunijua, au alinijua akawa hana nguvu ya kugeuka.

Hapa wanampa maziwa maalumu, kidogo kidogo, kwa kikombe. Wanampima kila asubuhi na kuchora. Muuguzi ameniambia nisishtuke mstari ukishuka, maji yanatoka, sasa hivi kushuka ndiko kupona. Leo umeshuka. Nimefurahi.

Mtihani ulikwenda vizuri.

Munira


Mkata
24 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Emiliana amenisomea, nikamwambia rudia, akarudia, nikamwambia nipishe. Leo ndiyo nimemwita.

Umesema mstari unashuka na ni vizuri. Haya. Nimefurahi. Sielewi, lakini nimefurahi, kama wewe umefurahi. Waliniambia ukipanda ni vizuri, nikafurahi kwa huo. Mie mtu mzima naburuzwa na mstari kama mbuzi anapelekwa gulioni, sijui kunakopelekwa, nafuata kamba.

Nilimlisha, Munira. Hakulala njaa hata siku moja hapa. Akimaliza uji nilikuwa nakwangua sufuria namwongezea. Alikuwa anashiba mpaka anacheua. Sasa mtoto anayeshiba anakuwaje, hebu waulize hao wauguzi.

Nije? Nauli ninayo, na masikio yangu hayahitajiki huko, nitakaa tu kitandani pake. Nimebandika kanga yako ya zamani dirishani, ile aliyokuwa anaijua. Mie ndiye niliyesema usije. Sasa wewe sema nije.

Emiliana anatuma salamu. Cherehani yake haijalia tangu mlipoondoka.

Bibi yako,
Mwaija


Hospitali, Korogwe
29 Machi 2025

Bibi,

Usije, wanaruhusu mtu mmoja.

Maji yamekwisha. Miguu imekuwa myembamba, soksi zinamvuka zenyewe. Lakini mstari bado unashuka. Anaharisha, na kifua kimeanza kukoroma. Muuguzi akichora sasa haniambii tena nisishtuke.

Munira


Mkata
22 Aprili 2025

Mjukuu wangu Munira,

Idi ilitukuta msibani, na sasa Idi imepita, na mvua zimeanza, na wewe hujaandika. Siku ya kuzika ulikaa na wanawake umenipa mgongo. Mtu ana haki ya mgongo wake. Jioni nikamwambia Emiliana akuitie chakula, akarudi akasema umeshapanda gari.

Basi nasema mie, kazi yangu si ndiyo hiyo. Kaburi lake limeota majani mapema, ni hii mvua. Wamaasai wamerudi. Jana kijana wao kaniletea maziwa kibuyu kizima, hana habari, ananiuliza, "Bibi, mdogo yuko wapi anywe?" Nikayapokea. Nikayaweka. Yakaganda.

Watu wanasema mengi. Wengine wanasema ulimwachisha mapema, wengine wanasema hasadi, kwa kuwa ulikuwa unakwenda Ulaya. Mie nawasikiliza, sisikii vizuri, nashukuru. Dada wa mizani alikuja tena. Nikaenda. Sina mtoto, nikapanga foleni. Kila mtoto aliyevaa soksi nikamvua, nikabonyeza. Mama mmoja kanisukuma, kaniita mchawi, namng'ang'ania mwanawe nini. Emiliana akanishika mkono akanirudisha. Hakunitania njia nzima, ndipo nikajua nimezeeka.

Sasa sikiliza. Mie nataka kwa nini. Huo mtihani wako umekwisha, hakuna wa kukukata alama. Alishiba, kwa nini ajae maji? Mstari ulipanda, kwa nini ulipanda? Kadi ile ni ya serikali, dada yule kavaa sare, kasema safi bibi. Niandikie. Kama ni mie, andika ni mie. Matusi nayo andika, Emiliana atayasoma, nimemwapisha.

Arobaini tutasoma mwezi wa tano, tarehe tisa. Uje.

Bibi yako,
Mwaija


Kwamndolwa
6 Mei 2025

Bibi,

Umeuliza, nakujibu.

Muhogo unashibisha, lakini hauna kile kinachojenga mwili wa mtoto. Hicho kiko kwenye maziwa, maharage, dagaa, yai. Alikuwa anakipata kwangu, tukamwondolea, na huko hakikuwapo. Mwili ukikikosa unashika maji, maji yana uzito, na mizani haitofautishi maji na nyama. Ndiyo maana mstari ulipanda. Hiyo ni kwa nini ya daktari.

Kwa nini yangu ni nyingine. Unyafuzi nilifundishwa shule ya msingi. Kwenye kitabu palikuwa na picha: uso mviringo, nywele nyekundu, miguu imevimba. Niliijibu kwenye mtihani nikapata. Wewe uliniandikia uso, ukaniandikia nywele, ukaniandikia shimo la soksi, ukaniandikia hatoki mkekani. Hukunificha kitu. Wewe hukusoma, ulieleza ulichokiona. Mimi niliyesoma nilichukua mstari peke yake, nikautungia sentensi nzuri, nikampelekea mwalimu. Da Emiliana alisema mtoto amepoa, nikacheka. Kwa hiyo usitembee kwenye foleni za watu kubonyeza miguu. Si wewe.

Majibu yalitoka nikiwa wodini. Nimefaulu. Sehemu ya kuandika ndiyo niliyopata zaidi kuliko zote. Nafasi ilifungwa mwisho wa Machi, sikuwajibu, wameniambia niombe tena mwakani. Mwalimu Mathias alikuja hapa kunipa pole, akasema nisikate tamaa, sasa sentensi ninaiweza. Alikuwa anasema kwa wema.

Sitaomba. Naosha vyombo pale stendi.

Arobaini sitakuja. Siwezi kukaa watu wakinipa pole kwa jambo nililolisoma barabarani nikicheka.

Munira


Mkata
15 Mei 2025

Mjukuu wangu,

Emiliana kakaa hapa tangu adhuhuri, kalamu mkononi. Ananiuliza, "Bibi, niandike nini?" Namwambia subiri. Anasubiri. Hajawahi kunisubiri huyu.

Arobaini tumesoma. Watu walikuja, wakala, wakaondoka. Mdoe alileta maharage.

Jibu lako nimesomewa. Nililitaka, nimelipata. Nilidhani nikiwa nalo nitakuwa na pa kuliweka.

Barua zako tatu hazina shikamoo. Sikulaumu, mjukuu wangu, najua hukusahau.

Marahaba.

Mwaija